Bloki ya maji ya kujitengenezea: Jinsi ya kupoza kadi ya michoro bila kuiua

Tone moja la maji likidondokea kadi ya michoro iliyowashwa, linaweza kuiua palepale. Lakini wapo watu wanaopitisha maji milimita chache tu juu ya chipu ya kadi hiyo, siku nzima, na kompyuta inafanya kazi kwa utulivu kuliko ilivyokuwa na feni zake.

Kinachowaruhusu kufanya hivyo ni kipande kidogo cha shaba kinachoitwa bloki ya maji. Ya dukani inatengenezwa na viwanda vichache, mara nyingi kwa modeli maalumu ya kadi, na kwa kadi za zamani huwa hazipatikani tena. Ndiyo maana wengine wanaingia karakana na kuchonga ya kwao.

Hii ni kazi inayowezekana kwa msumeno, drili na uvumilivu. Ila ina sehemu tatu nne ambazo ukizikosea, kadi inakwenda na maji.

Kwa ufupi

- Bloki ni bamba la shaba linalokaa juu ya chipu. Maji hupita ndani yake na kubeba joto.
- Joto hilo hupelekwa kwenye rejeta, ambako feni hulitoa nje.
- Bloki ya chipu haipozi memori wala saketi za umeme za kadi. Hizo zinahitaji upozaji wake.
- Jaribio la kuvuja hufanyika nje ya kompyuta kwa saa 24. Hakuna njia ya mkato.

Joto lenyewe ni kubwa kiasi gani?

Chukua mfano wa Radeon RX 580, kadi iliyotoka mwaka 2017 na ambayo bado inazunguka sana kwenye soko la mitumba. Kiwango chake cha umeme ni wati 185 kwa kadi nzima. Chipu yake ina ukubwa wa milimita za mraba 232, yaani ndogo kuliko stempu ya posta.

Tuseme chipu peke yake inachukua wati 130. Hiyo ni kama wati 56 kwa kila sentimita ya mraba.

Sasa linganisha na pasi ya umeme ya wati 1,000 yenye bamba la sentimita za mraba 200 hivi. Pasi inatoa wati 5 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa hiyo uso wa chipu unasukuma joto zaidi ya mara kumi ya uso wa pasi. Tofauti ni kwamba pasi inatakiwa kuchoma, chipu haitakiwi.

Joto likizidi, kadi hujipunguzia kasi ili kujilinda. Mcheza gemu ataona picha inakatakata. Mhariri wa video ataona kazi ya saa moja inageuka saa moja na nusu. Likizidi zaidi, kompyuta inajizima.

Kwa nini maji?

Kwa ujazo uleule, maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya hewa kwa kila nyuzi moja ya ongezeko. Mkondo mdogo wa maji unafanya kazi ambayo feni ingehitaji upepo mkubwa kuifanya.

Hesabu yake ni rahisi. Lita moja ya maji kwa dakika ikipewa joto la wati 185 hupanda kwa chini ya nyuzi 3 tu za Selsiasi. Ndiyo maana pampu kubwa sana haihitajiki.

Lakini maji hayafanyi miujiza. Hayawezi kushuka chini ya joto la chumba. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa chenye nyuzi 31 hakiwezi kutoa maji ya nyuzi 25 kwa rejeta na feni pekee. Anayeishi sehemu ya joto anatakiwa kuanza hesabu yake hapo.

Wazo hili si geni

Kompyuta kubwa za IBM zilipozwa kwa maji tangu miaka ya 1960. Mwaka 1981, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, David Tuckerman na Fabian Pease, walichapisha jaribio ambalo mifereji myembamba kuliko milimita moja, iliyochongwa kwenye silikoni, iliondoa wati 790 kwa kila sentimita ya mraba. Funzo lao ndilo msingi wa bloki za leo: mifereji iwe mingi, myembamba, na karibu na chanzo cha joto.

Kwa kompyuta za nyumbani, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 wapenzi wa kompyuta walijitengenezea mifumo kwa pampu za matangi ya samaki na rejeta ndogo za hita za magari. Baadaye viwanda vikaingia. Mwaka 2014 kampuni ya AMD ilitoa Radeon R9 295X2, kadi ya wati 500 iliyouzwa ikiwa tayari na upozaji wa maji.

Chuma gani kitumike?

Shaba nyekundu, ile mafundi wanaiita kopa. Uwezo wake wa kupitisha joto ni kama wati 400 kwa mita kwa kila nyuzi. Alumini safi ni kama 237. Shaba ya manjano, inayotumika kwenye koki na makufuli, ni kama 110 hadi 120 tu. Chuma cha pua kiko karibu na 15, hivyo kisahauliwe kabisa.

Kwa mfano wa RX 580, joto likipita kwenye shaba nyekundu ya unene wa milimita 3 hupoteza kama nyuzi 4 njiani. Kwenye alumini ni kama nyuzi 7.

Pa kuanzia kutafuta ni kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Mapande bapa ya kopa yanayogawa umeme ndani ya maboksi makubwa ya swichi ni shaba safi na yanakatwa kwa urefu. Wauza vyuma chakavu nao huwa nayo.

Onyo moja: alumini na shaba zisichanganywe kwenye mzunguko mmoja wa maji. Metali hizi mbili zikikutana ndani ya maji hufanya kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Rejeta nyingi za magari ya kisasa ni za alumini. Akiweka bloki ya shaba na rejeta ya alumini, mtu anajitengenezea uvujaji wa miezi ijayo.

Vipimo vya kuanzia

Mchoro mmoja unaofaa kwa karakana ndogo ni huu:

- Bamba la shaba la milimita 60 kwa 50, unene milimita 8. Litakuwa na uzito wa kama gramu 215.
- Mifereji 15 upande wa juu, upana milimita 1, kina milimita 4, ikipishana kwa milimita 2 kutoka katikati ya mmoja hadi mwingine.
- Mfuniko wa akriliki wa unene wa milimita 15.
- Gasketi bapa ya silikoni ya milimita 1, yenye dirisha la milimita 44 kwa 34 katikati.
- Bolti sita za M3 za kubana mfuniko.

Eneo la katikati la milimita 30 kwa 30, bila mifereji, lina milimita za mraba 900 za kugusana na maji. Mifereji inaongeza kuta zenye milimita za mraba 3,600. Jumla inakuwa mara tano ya mwanzo, kwenye nafasi ileile.

Kabla ya kukata chochote, kadi yenyewe ipimwe kwa kalipa. Umbali wa matundu ya skrubu hutofautiana kati ya kadi na kadi. Muhimu pia ni urefu wa vifaa vinavyoizunguka chipu. Bamba likigonga kapasita, halitaigusa chipu vizuri. Kadi nyingine, kama Radeon HD 7970, zina fremu ya chuma kuzunguka chipu ambayo iko juu kidogo kuliko chipu yenyewe. Hapo uso wa chini wa bamba unatakiwa kuchongwa ili ubaki na mwinuko katikati.

Hatua kwa hatua

*1. Kukata mifereji.* Blaedi ya msumeno wa chuma hukata mfereji wa karibu milimita 1. Bamba libanwe kwenye jiliwa, rula ya chuma ifungwe pembeni kama mwongozo, na kila mfereji ukatwe kutoka mwisho hadi mwisho wa urefu wa milimita 60. Ni kazi ya jioni kadhaa. Aliye karibu na karakana ya kukereza vyuma anaweza kulipia wamkatie kwa mashine, na itatoka imenyooka zaidi.

*2. Kuziba ncha.* Mifereji imepita hadi kingoni, kwa hiyo milimita 8 za kila mwisho zinajazwa risasi ya kulehemu. Hapa ndipo wengi wanapochemka. Bamba la gramu 200 za shaba linameza joto lote la pasi ya kulehemu ya kawaida, hivyo inatakiwa tochi ya gesi. Tena risasi iliyoyeyuka hupenda kukimbia ndani ya mfereji na kuuziba wote. Dawa ni kupaka wino mweupe wa kufutia maandishi sehemu ya katikati, na dawa ya kulehemu iwekwe kwenye ncha tu. Ikipoa, ncha zisawazishwe kwa tupa, kisha wino wote uondolewe.

*3. Matundu ya bolti.* Yatobolewe kwenye kona nne na katikati ya pande mbili ndefu, nje ya mifereji, kwa biti ya milimita 2.5, kisha yakatwe hesi ya M3. Kina kisizidi milimita 6 ili yasitokeze chini. Shaba ni laini na hung'ang'ania biti, kwa hiyo mafuta yawepo na mwendo uwe wa polepole.

*4. Mfuniko.* Matundu mawili ya kuingizia na kutolea maji yakae kwenye ncha mbili za dirisha, kama milimita 26 kutoka katikati hadi katikati. Maji yanashuka upande mmoja, yanapita ndani ya mifereji juu ya chipu, yanatokea upande wa pili. Hesi inayotumika kwenye viungio vya upozaji wa kompyuta ni G1/4, ambayo ni familia ileile ya hesi za robo inchi za mabomba. Kwa hiyo tepu ya kuikata ipo kwa mafundi bomba wengi. Viungio vikazwe kwa mkono tu, kwa sababu akriliki hupasuka. Pia isisafishwe kwa spiriti, maana spiriti huiletea nyufa ndogondogo.

*5. Kusawazisha uso wa chini.* Hatua hii ije baada ya kulehemu, kwa sababu moto unaweza kupinda bamba. Msasa wa maji ulazwe juu ya kioo kinene, na bamba lisuguliwe kwa kuzungushwa: namba 400, halafu 600, 800, 1000, 1500. Uso upakwe alama za maka peni kabla ya kila raundi. Alama zikifutika kwa pamoja, uso umenyooka. Kung'aa si lengo. Lengo ni unyoofu.

Sababu ya usumbufu wote huu ni hewa. Shaba hupitisha joto mara 15,000 hivi zaidi ya hewa. Pengo dogo lisiloonekana kwa macho linatosha kuharibu kazi yote. Pesti ya joto inajaza mikwaruzo midogo, haiwezi kuficha bamba lililopinda.

Mfumo uliobaki

Pampu iwe ya volti 12 za mkondo mnyoofu. Pampu ya tangi la samaki inayotumia umeme wa ukutani inaweza kusukuma maji, lakini hakuna sababu ya kukaribisha volti 230 jirani na maji ndani ya kompyuta.

Rejeta, kwa makadirio yanayotumiwa na wajenzi wengi, ni nafasi ya feni moja ya milimita 120 kwa kila wati 100 hadi 150. Kwa kadi ya wati 185, rejeta ya feni mbili ndiyo salama, hasa kwenye hali ya hewa ya joto. Vumbi lisafishwe mara kwa mara, maana rejeta iliyoziba haina tofauti na ukuta.

Maji ya bomba hayafai. Yana chumvi zinazoganda kwenye mifereji na kuharakisha kutu. Yanayotakiwa ni maji yaliyosafishwa kwa mvuke, yale yanayouzwa kama maji ya betri. Lakini lebo isomwe vizuri: chupa inayofanana nayo dukani inaweza kuwa ni asidi ya betri, na hiyo itakula shaba na mikono. Kiasi kidogo cha dawa ya kuzuia ukungu kiongezwe, au ukoko wa kijani utajaa kwenye mifereji.

Jaribio la kuvuja

Bloki, mipira, pampu na rejeta viunganishwe juu ya meza, mbali na kompyuta. Karatasi za tishu zilazwe chini ya kila kiungio. Pampu iwashwe kwa adapta yake yenyewe na iachwe saa 24.

Tishu ikiwa na doa hata moja, kazi inarudi mwanzo wa kiungio hicho. Kubana zaidi bila kufungua na kuangalia gasketi ni kujidanganya.

Ikipita, bloki ifungwe kwenye kadi na pampu iendeshwe tena kwa saa kadhaa, kompyuta ikiwa imezimwa na waya wa umeme umechomolewa. Maji yakivuja kwenye kadi isiyo na umeme, kuna nafasi nzuri ya kuiokoa kwa kuikausha kabisa. Ikiwa na umeme, nafasi hiyo inapungua sana.

Kufunga kwenye chipu

Chipu za kadi nyingi za michoro ziko wazi, hazina kofia ya chuma kama prosesa nyingi za mezani. Kona yake ikibanwa upande mmoja, inamegeka. Hakuna fundi wa kuirudisha.

Bloki hushikwa na kipande cha chuma chenye umbo la msalaba kinachopita juu ya mfuniko, na bolti nne zenye springi na washa za plastiki. Springi zinazuia nguvu kupita kiasi. Bolti zikazwe kwa kupishana kona kwa kona, nusu mzunguko kila mara.

Kitu kinachosahaulika zaidi

Feni na bamba asili la kadi vilikuwa vinapoza pia memori na saketi zinazogawa umeme wa chipu. Vikiondolewa, chipu inaweza kusoma nyuzi 55 huku saketi hizo zikiungua kimyakimya. Kadi nyingi hazionyeshi joto la sehemu hizo, kwa hiyo mwenye kadi anaona namba nzuri hadi siku kadi inapokufa.

Suluhisho ni vipande vidogo vya alumini vyenye mapezi, vibandikwe kwa gundi tepu ya joto juu ya kila memori na juu ya transista za umeme, halafu feni moja ivipulizie. Alumini hapa haina tatizo kwa sababu haigusi maji.

Namba za kuangalia

Programu kama GPU-Z au HWiNFO zinaonyesha joto la chipu. Vipimo viwili vinatosha kujua tatizo liko wapi.

Cha kwanza ni tofauti kati ya chumba na maji. Hiyo inapima rejeta. Cha pili ni tofauti kati ya maji na chipu. Hiyo inapima bloki. Mfano: chumba nyuzi 30, maji 42, chipu 62. Rejeta imeacha nyuzi 12, bloki na pesti vimeacha 20. Kwa kitu cha kuchonga kwa mkono, hayo ni matokeo ya kuridhisha.

Maji yakiwa 40 na chipu 85, kosa haliko kwenye rejeta. Bloki haijagusa chipu sawasawa, au mifereji imeziba. Na joto likipanda hadi 80 ndani ya dakika ya kwanza, kompyuta izimwe chap chap. Huenda pampu haizunguki kabisa, au ina hewa.

Je, kuna haja?

Si kwa kila mtu. Kadi yenye dhamana itaipoteza ikifunguliwa katika maeneo na kampuni nyingi. Kadi ambayo tatizo lake ni feni moja iliyokufa inaponywa kwa feni mpya, kusafisha vumbi na pesti mpya, kazi ya saa moja.

Bloki ya kujitengenezea ina maana pale ambapo kadi haina dhamana, vipuri vyake vimeisha sokoni, na mwenyewe ana karakana, muda na ubavu wa kukubali hasara. Wanaoijua kazi hii wana ushauri mmoja: bloki ya kwanza ifungwe kwenye kadi ya zamani ambayo ikifa hakuna atakayelala njaa. Kadi inayolipa kodi ya nyumba isubiri bloki ya pili.